Naomba ushauri: picha za CT kabla ya upasuaji wa rovu

Habari zenu wapendwa. Mama yangu anasubiri upasuaji wa rovu, upande wa kulia. CT ya kifua aliyopigwa kwa tatizo jingine imeonyesha mshipa mkubwa wa damu wa mkono wa kulia unapita nyuma ya umio. Nimesoma kwamba wenye hali hiyo, ambayo ni nadra, neva ya sauti ya kulia haishuki kifuani kisha ikapanda. Hukatiza shingoni moja kwa moja, na daktari asiyeitarajia anaweza kuikata. Mama ni mwalimu, sauti ndiyo kazi yake!

Je, nimpelekee daktari mpasuaji picha zenyewe, au ripoti inatosha? Ultrasaundi ya shingo itaongeza lolote? Na aliyefanyiwa upasuaji neva ikifuatiliwa kwa mashine, bima ililipa?