Naombeni ushauri: nataka kuwa katibu wa chama katika wadi, lakini jina langu liko chama kingine

BintiMtongwe
Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya vyama. Niko Likoni, Mombasa, wadi ya Mtongwe, umri wangu bado ni wa vijana. Chama fulani, sitakitaja, kimenipendekeza niwe katibu wa wadi kuelekea uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Mwenyekiti amesema nikichapa kazi, jina langu litatiwa kwenye orodha ya viti maalumu vya bunge la kaunti. Juzi nikapiga *509# kuangalia usajili wangu, nikajikuta ni mwanachama wa chama kingine ambacho hata mlango wa ofisi yake siujui. Natokaje huko? Na katibu wa wadi kazi yake hasa ni ipi? Fomu wanaitaka kabla ya Ijumaa na usingizi sina.

MsomiTononoka
Dada, toka kwanza ndipo uingie. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, kifungu cha 14, hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Andika barua fupi ya kujiuzulu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, tarehe, sahihi. Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wakugongee muhuri urudi nayo nyumbani. Msajili wa Vyama naye ajulishwe ndani ya siku 7, na usikae kungoja chama kimjulishe, kwa sababu hata wewe mwanachama unaweza kumpa taarifa mwenyewe. Huduma zake ziko eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na mtu hujitoa humo humo. Ukimaliza piga *509# tena, uhifadhi picha ya skrini yenye tarehe. Wengi huharibikiwa hapo: barua imekwenda, hakuna aliyehakikisha, siku ya mchujo, chama kinapochagua wagombea wake, jina halionekani.

Wala usione ajabu. Mwaka 2021, watu walipoanza kujiangalia mtandaoni, Wakenya wengi walijikuta kwenye vyama wasivyovijua.

MzeeMaskani
Mwanangu, kabla ya barua na mihuri, jiulize unakwenda kufanya nini. Naona umetaja kiti maalumu kabla ya kutaja shida moja ya Mtongwe. Maji, barabara, vijana wasio na kazi, hukuvisema. Chama ni cha watu kusemewa, si ngazi ya mtu kupandia. Anayeingia kwa ahadi ya cheo hutoka siku cheo kinapokwenda kwa mwingine, na wadi inabaki na ofisi iliyofungwa.

FundiWaKura
Katibu wa wadi ana daftari mbili na orodha moja, mengine yote yanatoka hapo.

Daftari la kwanza ni la wanachama: jina, nambari ya kitambulisho, simu, kituo anachopigia kura, tarehe, sahihi. Linganisha kila jina na daftari la wapiga kura la IEBC, tume ya uchaguzi. Mwanachama aliyejiandikisha Kwale hakufaidi kitu Mtongwe. Tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, mtu anakosekana kwenye orodha ya mchujo na lawama ni yako.

Daftari la pili ni la kumbukumbu za vikao: nani alikuja, nini kiliamuliwa, nani aliunga mkono. Ugomvi wa mchujo ukizuka, lazima kwanza ujaribiwe kutatuliwa ndani ya chama kabla ya kufika kwenye Mahakama ya Migogoro ya Vyama vya Siasa. Huko hawasikilizi kelele, wanataka karatasi.

Orodha ni ya mawakala, watu wa chama wanaolinda kura kituoni. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Wadi yenye wapiga kura 14,000 haiwezi kuwa na vituo chini ya 20, kwa hivyo tafuta mawakala 20 na wa akiba wasiopungua 5. Kila mmoja awe na barua ya uteuzi na ale kiapo cha kutunza siri. Upigaji kura unaanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, halafu kura za urais ndizo huhesabiwa kwanza. Fomu 36A, ile ya mwakilishi wadi, inaweza kujazwa usiku wa manane. Wakala ambaye hakuletewa chakula wala hakuambiwa posho yake inatoka kwa nani, saa tatu usiku keshaondoka, na hapo ndipo unapoibiwa. Mfundishe aondoke na nakala ya fomu, tena aipige picha ile inayobandikwa mlangoni, tarakimu zote zisomeke.

Nikuulize: wewe unafanya kazi gani? Nauliza kwa sababu.

BintiMtongwe
Shukran sana ndugu Fundi na ndugu Msomi. Mzee Maskani, shikamoo, nimekusikia. Kuhusu viti maalumu, kuna anayejua orodha inavyopangwa? Nimeambiwa niko nafasi ya juu.

KijanaChaani
Nafasi ya juu ya orodha ipi? Muulize mwenyekiti hilo kwanza. Katiba, ibara ya 177, ina viti vya kusawazisha jinsia na viti vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Ni orodha mbali mbali. Viti vinagawiwa vyama kulingana na viti ambavyo kila chama kimeshinda katika wadi za kaunti hiyo. Mombasa ina wadi 30. Chama kikishinda wadi mbili tatu, hata wa pili kwenye orodha anaweza kubaki nje. Tena orodha haipelekwi IEBC na mwenyekiti wa wadi, inapelekwa na chama kutoka makao makuu. Aliyekuahidi hana kalamu hiyo mkononi.

UkhtyJunda
Kweli kabisa. Na katibu wa Mtongwe asisahau feri. Wakala anayekaa kisiwani akapangiwa kituo Likoni, alfajiri hiyo mtamtafuta. Chukueni watu wa mtaa ule ule.

FundiWaKura
Binti, hujanijibu. Kazi gani?

BintiMtongwe
Kazi ya kawaida tu ya ofisini. Haihusiani na mambo haya.

FundiWaKura
Ofisi ya nani?

BintiMtongwe
Ya kaunti. Niko zahanati, upande wa kumbukumbu za wagonjwa. Lakini ni mkataba, si kazi ya kudumu. Na vikao vya chama ni jioni na Jumapili, simwibii mtu saa zake. Nimeshaongoza vikao kadhaa na kundi la WhatsApp la wadi ninaliendesha mimi, hakuna aliyelalamika.

MsomiTononoka
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo, kwa sababu linabadilisha kila kitu.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Vyama vya Siasa kinamkataza mtumishi wa umma kushika wadhifa katika chama, kuwa mwanachama mwanzilishi, kufanya siasa inayotia doa kutoegemea upande kwa ofisi yake, na kuonyesha hadharani kwamba anaunga mkono au anapinga chama au mgombea. Hakikutaja saa za kazi. Jumapili jioni bado wewe ni mtumishi wa umma. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 43, inakuja na lake: anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa kura ya tarehe 10 Agosti 2027, barua iwe imepokelewa kabla ya tarehe 10 Februari 2027, na mwenye busara huipeleka Januari. Kwa kiti cha orodha pia, jihesabu kama mgombea. Usijenge nyumba juu ya hoja kwamba orodha si kugombea.

Mkataba haukuokoi. Ibara ya 260 ya Katiba inaangalia mshahara na marupurupu yanatoka katika fedha gani za umma. Haiulizi kama kazi ni ya kudumu.

Uwakala pia sahau, maadamu uko kazini. Kinachobaki mkononi mwako ni kura yako, na kuwa mwanachama wa kawaida asiye na cheo wala jukwaa. Kifungu cha 12 hakikutaja uanachama wa kawaida.

BintiMtongwe
Lakini ndugu Msomi, kila siku tunawaona wakubwa jukwaani na shati za chama. Wao sheria haiwahusu? Na mwenyekiti kasema fomu ya katibu inakaa ofisini tu, jina langu halitangazwi popote.

MsomiTononoka
Waliochaguliwa, kama gavana, wabunge na wawakilishi wadi, kifungu cha 43 kinawaondoa katika sharti la kujiuzulu. Karani wa zahanati hakutajwa humo. Na jina la katibu halifichiki. Linasomwa kikaoni, liko kwenye kundi la WhatsApp, liko chini ya kila barua ya wadi. Siku mtu wa kambi nyingine atakapokukasirikia, picha moja ya skrini inatosha kukuletea barua ya kujieleza. Mwenyekiti hatakuja kuijibu.

MzeeMaskani
Na mgonjwa je? Anakuja dirishani na kadi yake, anakujua wewe ni wa chama kile, yeye ni wa hiki. Atakaa na wasiwasi kwamba faili lake litacheleweshwa. Ndiyo maana ya sheria hiyo.

MkweliMtupu
Samahani wote, mimi siamini uzi huu. Angalieni vizuri. Kajikuta chama kingine, kaahidiwa kiti maalumu, ni mtumishi wa kaunti, na kila kipande kinatolewa pale tu anapobanwa. Nani mtumishi wa kaunti asiyejua kwamba siasa imekatazwa? Huyu ni mtu wa kambi fulani. Anataka tumwambie namna ya kuhamisha wanachama na kupanga mawakala, au anataka hadithi ya kwenda kumchafulia mtu Mtongwe. Fundi umemwaga mpango mzima wa mawakala kwa mtu usiyemjua.

FundiWaKura
Nilichosema si siri. Chama chochote kikiwalisha mawakala wake na kuwafundisha kuisoma 36A, uchaguzi wa Mtongwe unakuwa safi zaidi. Waje wote wasome.

UkhtyJunda
Hata kama katunga, wako wasomaji hapa ambao ni walimu wa chekechea na maaskari wa kaunti, wanaitwa kwenye vyama hivyo hivyo. Jibu litawafaa.

MkweliMtupu
Basi aseme jambo moja ambalo mtu wa nje halijui. Hilo daftari la wanachama, kama kweli kapewa, likoje?

BintiMtongwe
Sijatunga. Daftari ni lile kubwa la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula. Majina ya kurasa za mwanzo yameandikwa na watu tofauti, lakini safu ya sahihi yote ni wino mmoja wa buluu, na sahihi nyingi zina mkia ule ule wa kuvuta kulia. Nambari za simu kurasa hizo hazijajazwa. Pamoja nalo nimepewa bahasha ya nakala za vitambulisho, niendelee kujaza kutoka hapo. Mwenyekiti anasema wenyewe walizitoa wakati wa fomu za basari, kwa hivyo wanajua. Nimeshajaza baadhi. Sioni tatizo, ni watu wetu wa hapa hapa.

MkweliMtupu
Sawa. Wino mmoja nauamini.

FundiWaKura
Binti, soma tena ulichoandika, halafu ukumbuke *509# ilikuambia nini. Hivyo ndivyo jina lako lilivyoweza kufika chama usichokijua: nakala ya kitambulisho ilitolewa mahali kwa shughuli nyingine, mtu akakaa na daftari na kalamu ya buluu. Sasa kalamu umepewa wewe.

Aliyetoa kitambulisho kwa ajili ya basari ya mtoto hakukubali kuwa mwanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi aliyoambiwa. Na hata ukiiweka sheria kando, daftari hilo halina faida kwa chama. Mtu wa kwanza atakayepiga *509# na kujikuta humo atakwenda kulalamika, na mwandiko utakaooneshwa ni wako. Usiongeze jina hata moja. Kurasa ulizoandika usizichane wala kuzifuta. Piga mstari mwembamba chini ya jina la mwisho, andika tarehe, rudisha daftari na bahasha kwa maandishi. Anayetaka chama kweli ajisajili mwenyewe kwa eCitizen, kwa simu yake.

BintiMtongwe
Nikirudisha, mwenyekiti atasema nimehujumu wadi. Yeye ni jirani yetu, mkewe na mamangu ni shoga. Na kazi siwezi kuacha leo, mkataba bado una muda. Kujiuzulu ule ukatibu kwa mdomo hakutoshi?

MsomiTononoka
Hakutoshi. Ya mdomo hayana tarehe. Mwende nyumbani kwake wewe na mama, mzungumze kwa heshima, lakini mkononi uwe na karatasi. Iwe fupi, bila kumlaumu mtu:

“Kwa Mwenyekiti, Wadi ya Mtongwe. Kwa kuwa ni mtumishi wa umma, kifungu cha 12 cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 hakiniruhusu kushika wadhifa katika chama. Sitachukua wadhifa wa katibu, na kuanzia leo sitaongoza vikao wala kundi la mawasiliano la wadi. Narudisha daftari la wanachama, ambalo jina la mwisho nililoandika liko ukurasa wa ___, pamoja na bahasha yenye nakala ___ za vitambulisho. Tafadhali tia sahihi kuthibitisha umepokea.”

Zihesabu nakala hizo mbele yake. Akikataa kutia sahihi, mama atie kama shahidi, kisha utume picha ya barua kwenye simu yake usiku huo huo. Kundi la WhatsApp mkabidhi mtu mwingine uongozi kabla ya kutoka, ukitoka kwanza utazua maneno. Barua ya kile chama kingine iende wiki hii hii, haingojei haya.

KijanaChaani
Na picha za shati la chama, kama ziko kwenye ukurasa wako, ziondoe leo.

BintiMtongwe
Iko moja. Naiondoa sasa. Kwa mwenyekiti tutakwenda kesho baada ya Isha, mama amekubali. Ndugu Msomi, pale kwenye idadi ya nakala, niandike kwa tarakimu au kwa maneno?

MsomiTononoka
Vyote viwili.