Tupeane uzoefu: mlipopima gesi ya madini na asidi skuli, ilikuwaje?

Ummu Nasra:
Assalaam alaykum. Jana mwanangu kaja na daftari la kemia, yuko kidato cha tatu. Kaandikiwa jedwali zima la gesi: nusu dakika mililita kadhaa, dakika moja mililita kadhaa, kazi yake achore grafu. Nikamuuliza, mlipimia nini, silinda ya kupimia au bomba la sindano? Akanambia hawakupima, mwalimu kawaandikia namba ubaoni. Roho imeniuma, maana mie somo lile ndilo lililonitia hamu ya sayansi. Karai la maji, silinda imefudikizwa ndani yake, mrija unatoka kwenye chupa unapita chini, viputo vinapanda kimoja kimoja na maji yanashuka. Mwanangu hajapata hata kuusikia mlio wa haidrojeni ikiguswa na kijiti cha moto. Mliosoma Unguja na Pemba, nyinyi ilikuwaje?

Karafuu Mbichi:
Waalaykum salaam. Dada umenigusa pale pale. Sisi tulipewa utepe wa magnesiamu, gramu 0.03, tukausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, tukautia kwenye asidi ya haidrokloriki. Silinda ya mililita 50. Ulipomalizika kuyeyuka nikasoma 32 na kitu. Nikainama nikasoma tena, jicho usawa wa maji, ile ile. Mwalimu akapiga hesabu ubaoni: 0.03 gawa kwa 24, zidisha kwa 22,400, jibu 28. Akanikata kwa wino mwekundu, akasema nimeingiza hewa. Wenzangu wote wakafuta wakaandika 28. Mie sikufuta, nikapewa sifuri. Nilisoma sawasawa wallahi, na mpaka leo sijapata wa kunieleza ile nne ilitoka wapi.

Wa Mtambwe:
Na sisi tuliandika 28. Skuli nzima 28.

Yakhe Shaba:
Afadhali nyinyi mlipata gesi. Kundi letu tulipewa waya wa shaba, tukakaa kipindi kizima tunaukodolea macho ndani ya asidi. Hata kiputo kimoja. Kengele ikalia, mwalimu akasema "sasa mmejifunza", akaondoka.

Mkemia wa Bububu:
Na kweli mlijifunza. Shaba iko chini ya haidrojeni kwenye mpangilio wa nguvu za metali, haiwezi kuifukuza kwenye asidi kama hiyo.

Yakhe Shaba:
Ningejifunza kwa dakika tano pia.

Bint Mkoani:
Mie yangu si ya kuchekesha. Skuli siitaji.

Tulikuwa wengi kuliko viti na kifaa kilikuwa kimoja tu mezani: chupa ya kioo, vipande vya zinki chini, faneli ndefu ya kumiminia asidi, na mrija unaoingia karaini. Bomba siku hiyo halikutoa maji, tulikwenda kuteka kisimani. Mie ndiye niliyeshika silinda kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Kuifudikiza imejaa pomoni bila ya kuingia kiputo si kazi ya kila mtu, unaiziba kwa kiganja, unaizamisha, halafu ndiyo unaondoa mkono. Mwalimu akaitwa ofisini, akatwambia tusiguse kitu.

Mwenzetu mmoja wa kiume, hodari kuliko sote, hakuweza kungoja. Hakuwa mtundu, alikuwa na shauku tu. Alishasoma kwamba haidrojeni inalia ikiguswa na moto. Akamimina asidi, povu likaanza kupanda, akauchomoa mrija majini, akawasha kibiriti akakipeleka kwenye ncha yake pale pale.

Mlio sikuusikia. Nilichokiona ni kwamba chupa haipo mezani. Halafu masikio yakaanza kuvuma, na vipande vya kioo vikawa bado vinaanguka juu ya madawati. Kizibo tulikuja kukiona baadae kimetoboa dari ya hadibodi. Karai limepinduka, maji yanakimbilia mlangoni na watu wanakimbilia mlangoni. Shoga yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja kajishika jicho, damu inapita katikati ya vidole. Yule kijana mwenyewe kasimama, kibiriti mkononi, hasemi.

Aliyetuokoa ni mama aliyekuwa akituuzia bajia nje. Alikuja mbio, akamlaza shoga yangu ubavu, akamshika kichwa, akachukua ile ndoo ya kisimani iliyobaki akammiminia maji jichoni kidogo kidogo bila kusita. "Fumbua mwanangu. Fumbua." Mpaka ndoo ikaisha, akatuma waende kuteka nyingine. Hospitali wakaona kigae kimeingia kwenye nyusi tu, na asidi iliyorukia jichoni ilishatoka yote. Jicho lake zima, leo anatunga shanga nalo.

Mtandio wangu niliuona mzima siku ile. Jua la njiani likaukausha. Mama alipoufua tu ukachanika kila palipopata tone. Asidi ilikuwa ya salfuriki, na hiyo maji yake yakikauka yenyewe inabaki kwenye uzi, inazidi kuwa kali.

Kinachoniuma zaidi kimekuja baadae. Maabara ilitiwa kufuli na haikufunguliwa mpaka tunamaliza. Tumeingia mtihani wa praktikali hatujapata kushika bureti, ile neli ndefu ya kioo ya kupimia maji ya dawa.

Ukhti Wete:
Lahaula. Nywele zimenisimama.

Wa Mtambwe:
Kufuli hiyo naijua. Na sisi tulitiwa, na hakuna hata kilichoripuka.

Kona ya Nyuma:
Nilikuwepo! Bint Mkoani, wewe ndiye uliyekuwa unakaa karibu na dirisha? Lakini dada, haikuwa zinki, ilikuwa magnesiamu. Niliuona utepe kwa macho yangu.

Bint Mkoani:
Utepe wapi? Vipande vya kijivu, nilivitia mie mwenyewe kwa kibano. Wewe ulikuwa nyuma unaangalia migongo ya watu.

Kona ya Nyuma:
Na mwalimu hakuitwa ofisini, alikwenda kuchukua chaki.

Bint Mkoani:
Chaki, kwenye praktikali?

Ukhti Wete:
Jamani acheni kugombana, mwenye kibiriti yuko wapi siku hizi?

Kona ya Nyuma:
Yupo, ni mtu na familia yake. Msimtafute.

Karafuu Mbichi:
Poleni sana kwa hayo. Ila na swali langu msilisahau, ile nne.

Mkemia wa Bububu:
Niwaeleze kwa nini iliripuka, maana watoto wanasoma hapa. Asidi inapoanza kumiminwa, chupa bado imejaa hewa. Haidrojeni ya mwanzo inachanganyika na hewa hiyo humo humo. Ikiwa imefika sehemu 4 kwa mia ya hewa mpaka sehemu 75 kwa mia, ukiipa moto inaripuka, na moto unarudi ndani kupitia mrija mpaka kwenye chupa. Kwa hiyo gesi ya mwanzo iache ipotee. Halafu ukitaka kuusikia mlio, kusanya gesi kwenye neli ndogo ya majaribio, iondoe, nenda nayo mbali na chupa, ndiyo ulete kijiti. Moto na chupa inayotoa povu visikae meza moja.

Bibi Ndimu:
Na asidi ikikurukia upake dawa ya meno haraka, inapoza.

Nesi wa Zamu:
Hapana, bibi yangu, usipake kitu. Maji. Maji yanayopita, mengi, dakika 20 kwa saa ya ukutani, na nguo iliyoroa uivue. Yule mama wa bajia alifanya kazi ambayo sisi wengine tumekaa darasani kufundishwa. Dawa ya meno inakaa juu ya ngozi, asidi inabaki chini yake.

Bibi Ndimu:
Sisi tumekua na magadi, asidi na magadi ni maadui.

Nesi wa Zamu:
Magadi mwaga sakafuni palipomwagika. Mwilini maji tu, tena ukimaliza nenda hospitali.

Yakhe Shaba:
Mie fikra yangu iko kwengine. Sikukuu inakaribia. Zinki, asidi, maputo, natia meza uwanjani Tibirinzi. Watoto wanataka puto linalopaa, si linaloburura chini.

Mkemia wa Bububu:
Usithubutu, hata kwa mzaha. Uwanja mzima una majiko ya mishikaki. Ile meli ya angani ya Wajerumani, Hindenburg, ilijazwa gesi hii hii. Iliungua New Jersey mwaka 1937 ndani ya nusu dakika hivi, watu 36 wakafa.

Yakhe Shaba:
Basi nitauza juisi ya ukwaju.

Fundi Betri:
Ummu Nasra, nakujibu wewe uliyeanzisha. Sioni kwa nini mtoto anyimwe hii kwa sababu skuli haina vifaa. Mie ni fundi umeme wa magari, na mwalimu mmoja wa karibu na gereji huja kuchukua vitu kwangu. Zinki iko kwenye betri za tochi zilizokwisha, zile za kawaida: lile gamba la ndani ndiyo zinki yenyewe. Unalifungua, unakung'uta ule unga mweusi, unaosha, unasugua kwa msasa, unakata vipande. Asidi ni maji ya betri ya gari, hiyo ni salfuriki. Lakini ni kali, lazima izimuliwe kabla haijafika kwa mtoto, na asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya asidi inachemka inakurukia usoni.

Ukhti Wete:
Zinki si inachelewa? Sisi tulingoja mpaka tukachoka.

Fundi Betri:
Tia tone la maji ya mrututu. Inachemka saa hiyo hiyo.

Mkemia wa Bububu:
Kweli. Mrututu ni kopa salfeti, shaba inaganda juu ya zinki na kuharakisha kazi. Ila tone tu. Ukizidisha, zinki nyingi inaliwa na mrututu bila ya kutoa gesi, na kipimo chako kinaharibika.

Kona ya Nyuma:
Kwa kupima, silinda na karai ndiyo bora. Mabomba ya sindano yanakwama.

Fundi Betri:
Hayakwami ukiyazungusha kidogo kabla ya kuanza. Karai ndilo linalomwagika.

Kona ya Nyuma:
Silinda imepima tangu enzi za wazee wetu.

Maalim Mstaafu:
Nimefundisha kemia Unguja na Pemba, nimewasoma wote. Naanza na Karafuu Mbichi kwa sababu kaulizia tangu mwanzo na kila mtu kampita.

Kijana wangu, ulisoma sawasawa. Gramu 24 za magnesiamu ni moli moja, yaani fungu moja la hesabu ya wanakemia, na linatoa moli moja ya gesi. Lita 22.4 ni nafasi ya moli moja ya gesi kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, baridi ya barafu. Nani kati yetu kapata kusoma kwenye maabara yenye barafu? Kaskazi ikivuma, mchana darasani ni nyuzi 30. Gesi ikipata joto inatanuka, na hesabu yake nyuzi huongezwa 273, kwa hiyo 30 inakuwa 303 na 0 inakuwa 273: 22.4 zidisha kwa 303, gawa kwa 273, unapata lita 24.9. Kwa gramu 0.03 za magnesiamu ni mililita 31. Hapo bado. Umekusanya gesi juu ya maji, na maji kwenye nyuzi 30 yanatoa mvuke wake wenye presha ya milimita 32 za zebaki, katika jumla ya 760. Mvuke nao umekaa ndani ya silinda yako. Zidisha 31 kwa 760, gawa kwa 728. Unapata 32 na ushei.

Ile nne ni joto la Zanzibar na mvuke wa maji. Hukuingiza hewa. Mwanafunzi anayeandika alichokisoma, hata kama hesabu ya ubaoni inasema vyengine, huyo ndiye anayefanya kemia, na alama zote zilikuwa zako.

Kwa wanaotaka kuwafanyia watoto: utepe wa gramu 0.03 haupimiki kwenye mizani mbovu. Pima mita nzima, kisha kata kwa rula kulingana na uzito unaoutaka. Kizibo kiwe tayari mkononi, maana gesi nyingi hupotea pale mtu anapohangaika kuziba. Na kabla ya kusoma ngojeni chupa ipoe, kwa sababu kazi yenyewe inatoa joto, na gesi yenye joto inakudanganya.

Wa Mtambwe:
Basi sisi skuli nzima tulifuta jibu la kweli.

Karafuu Mbichi:
Maalim, Mwenyezi Mungu akuweke. Nimemwita mke wangu nikamsomea, hajui kemia lakini hadithi ya sifuri anaijua tangu tulipooana. Daftari lenyewe ninalo, liko kwenye kasha kwa mama. Nitalitoa niandike hesabu yako chini ya ule wino mwekundu.

Ukhti Wete:
Machozi yamenitoka, na kemia nilifeli.

Kijana wa Sayansi:
Shikamoo maalim. Lakini 22.4 si ishabadilishwa? Tangu 1982 wanakemia wa dunia wameweka presha ya kilopaskali 100, na jibu ni 22.7.

Maalim Mstaafu:
Marahaba. Uko sawa, ila mitihani yetu inaendelea na 22.4, na huandikwa kwenye karatasi. Tumia iliyoandikwa.

Kijana wa Sayansi:
Sasa si ndiyo yale yale ya 28, maalim?

Maalim Mstaafu:
Si yale yale. Kwenye hesabu, tumia namba uliyopewa. Kwenye silinda, andika ulichokiona.

Ummu Nasra:
Nimemaliza kuyasoma yote nikiwa na mwanangu pembeni. Ya Bint Mkoani kayasoma mara mbili, na kibiriti keshasema hatukitaki, tutapima tu. Bomba la mililita 60 na mrija wa dripu nimepata duka la dawa hapa Chake. Miwani ya kuchomelea ya baba yake ipo. Fundi Betri, gereji yako iko wapi, na asidi utatuzimulia wewe? Na mrututu unauzwa wapi siku hizi?

Fundi Betri:
Machomanne, ukifika uliza fundi wa betri. Nitaizimua mbele yenu, mtoto aangalie akiwa mbali. Mrututu jaribu maduka ya dawa za mashamba.

Maalim Mstaafu:
Na mimi nipo Chake wiki hii. Mwambieni asianze mpaka nifike.