Nesi wetu kapigwa wodini, na nyumbani kuna msiba

Kutoka: Mjumbe, Leeds

Wapendwa, salaam. Mdogo wetu wa Bradford, nesi wa wodi ya wazee, amepigwa ngumi na mgonjwa. Jicho halijapoa, simu ikaingia kutoka Tanga: mama mdogo aliyemlea amefariki. Msimamizi kampa siku moja tu ya kupumzika. Mwenyewe hataki kusema kitu, anaogopea viza. Tumsaidieje?

---

Kutoka: Dada yenu wa Coventry (nesi)

Poleni sana wote. Nianze na viza, maana ndiyo inayotufunga mdomo. Ni kweli inategemea ajira, lakini kuripoti kipigo si kosa na hakufuti viza ya mtu.

Ajaze Datix, yaani fomu ya hospitali ya kuripoti matukio, leo, kabla hajasahau. Asiandike "mgonjwa alikuwa mkali", hiyo haisemi kitu. Aandike: "Saa tisa usiku, nikimbadilisha shuka, alinipiga ngumi jicho la kushoto. Nilikuwa peke yangu." Hapo kwenye "peke yangu" ndipo wakubwa wanapobanwa. Jicho alipige picha, na nakala ya ripoti abaki nayo.

Kumpiga nesi aliye kazini ni jinai. England na Wales kuna sheria ya 2018, na tangu 2022 kifungo cha juu ni miaka 2. Mzee mwenye dimensha (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) huenda asishtakiwe, na wengi wetu tusingependa ashtakiwe. Aripoti hivyo hivyo, la sivyo wodi itaonekana ina watu wa kutosha.

Msiba sasa. Sheria inaruhusu muda mfupi wa dharura mzazi akifariki, bila kulazimisha malipo. Mama mdogo wa Tanga hayumo, hata kama ndiye aliyekunyonyesha. Kwa hiyo asingoje huruma ya sheria: aombe likizo yake ya mwaka, na aulize sera ya hospitali inasemaje kuhusu kufiwa. Akiwa hajiwezi kabisa, siku 7 za kwanza za ugonjwa anajaza fomu mwenyewe. Zikizidi ndipo anahitaji cheti. Kama yuko RCN, chama cha manesi, ushauri nasaha wao kwa wanachama ni bure.

Na jamani, tusiende kumwambia "ndiyo kazi ya wito hiyo". Niliambiwa hivyo na mtu wa kanisani, nikaacha kupokea simu zake.

---

Kutoka: Kaka wa Sheffield

Ahsante dada. Niongeze la njiani. Agosti 2024, kwenye zile ghasia za kupinga wahamiaji, manesi wa Kifilipino walishambuliwa Sunderland wakienda kazini, na sisi huku tulianza kupelekana zamuni kwa magari. Turudie kwa huyu mdogo wetu, asisimame kituoni usiku na jicho lile. Mimi nashika Jumatatu na Jumanne.

Matanga ni Jumamosi saa kumi jioni, kwa huyo mdogo wetu. Mchango apewe mweka hazina. Wali umeshapata mtu. Anatafutwa wa kupika mchuzi na wa kuwashika watoto.