Tupeane uzoefu: kuishi au kufanya kazi na mtu sanguine

Wakuu, habari zenu.

Sanguine wengi tunamjua kutoka semina za tabia: mchangamfu, mwongeaji, kila jambo kwake litakaa sawa. Asili ya neno ni damu, kwa Kilatini. Matabibu wa kale, Galen akiwemo katika karne ya 2, waliamini mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Aliyezidi damu ndiye mcheshi na mwenye matumaini. Tiba ile ilishapitwa na wakati, neno likabaki.

Mimi nimeolewa na mmoja. Alipoachishwa kazi, jioni ile ile alikaa na daftari, akawa anaorodhesha watu wa kuwapigia kesho yake huku anapiga mluzi. Mimi barua ya kuachishwa nimeishika, mikono inatetemeka. "Tutapata tu, mke wangu." Na kweli alipata, kupitia jina la mwisho kabisa kwenye ile orodha. Ila usiku ule nilihitaji mtu wa kuhuzunika naye, na sikumpata. Wenzangu mnaishi nao vipi?

---

Pole dada. Wa kwangu ni mshirika wa biashara. Tuligawana: yeye anakwenda kwa wateja, daftari la fedha nashika mimi. Akisema mteja atalipa wiki hii, mimi naandika mwezi ujao. Hatujagombana tena.

---

Naongezea kwenye matumizi, maana kazi yangu ni tafsiri. Kwenye habari za Kiingereza za uchumi na siasa, sanguine si tabia ya mtu bali mtazamo wake kuhusu jambo moja, na mara nyingi linakuja na ukanushi: wachumi hawako sanguine kuhusu mfumuko wa bei. Hapo naandika "hawana matumaini makubwa". Mjihadhari na sanguinary, hilo ni la umwagaji damu.

---

Mimi nafanyisha mazoezi wagonjwa wa kiharusi. Walio sanguine kati yao nawapenda sana. Anajaribu kukunjua vidole, vinagoma, anacheka, anarudia. Mwenzake kitanda cha pili ameshageukia ukutani. Shida inakuja akianza kutembea: anajiona amepona, dawa za presha anaziacha, na presha ikipanda kiharusi kinaweza kurudi. Kwa hiyo mazoezini namwachia furaha yake yote, lakini suala la vidonge nazungumza na aliyemleta.

---

Dada mwanzisha mada, mimi ndiye huyo sanguine. Tunaumia kama nyie. Siku mambo yakiharibika naona nikikaa kimya nyumba nzima itavunjika moyo, ndiyo maana naanza kupanga. Usimwambie aache matumaini. Muulize, "Wewe hapa unaogopa nini?" Mke wangu aliniuliza hivyo, tukaongea mpaka alfajiri.

---

Asante kaka. Leo akirudi namuuliza.