MJADALA: Qust al-hindi iuzwe bila cheti cha shamba?

Wakuu, nauliza jambo ambalo wengi tunalikwepa kwa kuwa linagusa dini na mfuko kwa pamoja. Qust al-hindi mnayoiona kwenye maduka ya tiba za sunna, jirani na habbat sauda na sanamaki, ni mzizi wa mmea uitwao kuth, kitaalamu Saussurea costus. Kwao ni Himalaya, Kashmir na maeneo jirani, juu huko kwenye baridi. Mzizi ndio bidhaa, kwa hiyo ukishauchimba mmea umekufa. Porini umebaki kidogo mno. Mwaka 1985 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliupandisha hadi Orodha ya Kwanza, alipo faru mweusi: wa porini hauvuki mpaka kibiashara, uliolimwa unavuka kwa kibali.

Na unalimwa. Bonde la Lahaul, jimbo la Himachal Pradesh huko India, lina historia ndefu ya mashamba ya kuth. Sasa kwa nini pakiti ya unga ifike Dar, Mombasa au Unguja bila karatasi inayosema umetoka shamba gani? Msimamo wangu: bila cheti, isiuzwe.

Kuna la pili linaloniudhi. Wahindi wanaujua mzizi huu tangu Atharvaveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, ambamo umeimbiwa kama dawa ya homa. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huuita kushtha na huutumia kwa pumu, kikohozi, tumbo, viungo na ngozi, mara nyingi ukichanganywa na dawa nyingine au kupikwa kwenye mafuta ya kuchua. Kashmir waliuweka hata kwenye mashali ya sufu kufukuza nondo, wadudu walao nguo. Hakuna humo kijiko asubuhi na jioni cha kutibu kisukari, ugumba, majini na saratani, kama vipeperushi vyetu vinavyotangaza. Maabara zimeona kemikali zake, kama kostunolaidi, zikipunguza uvimbe, lakini majaribio makubwa kwa binadamu ni haba. Kemikali za kundi hilo hilo huwasha ngozi za baadhi ya watu, na ndiyo sababu viwango vya kimataifa vya manukato vinakataza mafuta ya mzizi huu.

Karibuni tubishane.

MCHANGIAJI WA 1
Ndugu, umeanza na CITES ukaiacha hadithi nyuma. Imo kwenye Bukhari: tumieni huu udi wa Kihindi, yaani qust hii hii, una tiba saba. Muislamu anataka cheti gani zaidi ya hicho?

MWANZISHA MADA
Isome yote, shekhe wangu. Ummu Qays alikwenda na mwanawe ambaye koo lake lilikuwa limebinywa kwa kidole kama tiba, Mtume (SAW) akakemea kitendo hicho, ndipo akaelekeza udi wa Kihindi: puani kwa ugonjwa wa koo, mdomoni kwa maradhi ya ubavu. Tiba saba zimetajwa, lakini zilizoelezwa hapo ni mbili. Nyingine kumi na tano za kwenye pakiti kaziongeza nani? Tena sisi ambao bado tunawakata watoto kimeo ndio ilitupasa kuishika hiyo sehemu ya kwanza kabla ya kukimbilia unga.

MCHANGIAJI WA 2
Mimi nauza. Mzigo naununua kwa mtu wa jumla, naye kaupata Dubai, wa Dubai kaupata wapi sijui. Nikidai cheti atanicheka, atampa jirani yangu. Mtakachofanikiwa ni kumfunga mwenye kiduka, kontena linapita. Na bei ikipanda mtauziwa unga wa muhogo uliotiwa rangi.

MWANZISHA MADA
Hoja ya kontena nakubali, ukaguzi uanzie bandarini, siyo kwako. Ila hiyo "sijui" yako ndiyo hatari yenyewe. Wachina huuita mzizi wa kuth mu xiang, na wanao mzizi mwingine, qing mu xiang, ambao ni wa mmea tofauti kabisa, Aristolochia. Huo una asidi inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene ambavyo mmea mmoja ulibadilishwa na Aristolochia kimakosa. Na wale walikuwa kliniki, wana daktari. Wewe mwenye gunia la unga utatofautishaje?

MCHANGIAJI WA 3
Kwa pua. Kuth ina harufu yake, nzito, kama nywele ambazo hazijaoshwa. Bibi yangu hakununua unga, alichukua mzizi mzima, akauvunja, akaunusa, akasaga mwenyewe. Cheti kinaghushiwa kila siku. Pigeni marufuku unga, ruhusuni mzizi.

MCHANGIAJI WA 2
Hilo la mzizi mzima naliweza hata kesho. Wateja ndio hawataki kusaga.

MWANZISHA MADA
Mzizi mzima utanisaidia kujua ni kuth, hautaniambia kama ulichimbwa porini Kashmir usiku. Kwa hiyo cheti bado nakitaka. Lakini kama tunaanza mahali, tuanze na unga. Nani anapinga, na kwa hoja gani?