Ami alifanyiwa CAR-T India, picha ya PET bado inawaka. Ni saratani ama ni kinga ya mwili?

Mwana_wa_Likoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Ami yangu ana limfoma, saratani ya tezi. Kemo hazikumfaa, ukoo tukachanga, akapelekwa Mumbai kwa tiba ya seli za CAR-T: wanamtoa seli za T, askari wa kinga, kwenye damu, wanazibadilisha maabara zipate kuitambua saratani, kisha wanamrudishia. Homa ilimwandama siku za mwanzo, ikapoa. Picha ya PET ya mwezi mmoja imeandikwa Deauville 4, tezi za kinenani zinawaka. Daktari wa kule asema tungoje, apigwe nyingine ikitimia miezi mitatu. Nyumbani hakukaliki. Binamu zangu wasema pesa zimeliwa, arudishwe kwenye kemo sasa hivi. Ami mwenyewe anakula vizuri, hata msikitini anakwenda. Nimsikilize nani?

KotiJeupe
Waleikum salaam. Nafanya kazi chumba cha picha, Nairobi. Kwanza mjue kinachowaka ni nini. Mgonjwa hudungwa FDG, sukari yenye mionzi, na mashine huonyesha penye seli zinazoila kwa wingi. Saratani huila sana. Lakini seli za kinga zikiwa vitani nazo huila vilevile! Ni kama kutazama Marikiti kutoka ghorofani: waona watu wamejazana, hujui nani mnunuzi nani mwizi. Deauville huenda 1 hadi 5, na 4 maana yake tezi inawaka kushinda ini kwa kiasi. Haikwambii inawaka kwa nini.

Kwenye ZUMA-1, jaribio la tiba ya CAR-T la Marekani, baadhi ya waliopata nafuu nusunusu mwezi wa kwanza walikuja kuwa safi miezi ya baadaye bila kuongezewa tiba. Ndiyo maana daktari anangoja.

Chumvi_Kali
Au anangoja mrudi mkamwachie hela nyingine. Mie siwaamini hawa.

KotiJeupe
@Chumvi_Kali picha ya pili wanaweza kuipiga hapa Kenya. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wana PET. Hela gani itakwenda Mumbai?

Ila kungoja si kulala. Tezi ikivimba, uvimbe mpya ukitokea, homa ikirudi au akianza kupungua uzito, msingoje hiyo miezi. Hapo daktari huenda akataka kukata kinyama kipimwe, na hicho ndicho hukata ubishi. Kumrudisha kwenye kemo kwa picha moja kunaweza kuziua hizo seli mlizozichangia.

Bi_Zuhura
Mwanangu, hapo pa msikiti pamenishtua. Tiba hii ikilenga CD19, alama iliyo juu ya seli B za kinga, huua na seli B zisizo na saratani, kinga inabaki dhaifu kwa miezi. Mamangu aliambiwa akae mbali na misongamano. Ami aswali nyumbani kwanza, Mungu anaelewa. Na ile diski ya picha za Mumbai muibebe, karatasi ya ripoti pekee haitoshi. Msomaji wa picha ya pili anataka kuweka zote mbili ubavu kwa ubavu.

Mwana_wa_Likoni
Shukran sana. Diski ipo. Lakini hakuna picha inayoonyesha zile seli zenyewe, badala ya kubahatisha kwa sukari?

KotiJeupe
Ipo, kwenye utafiti. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford na wenzao walichapisha picha za PET za seli za T walizopewa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo: seli zilitiwa jeni inayonasa dawa ya mionzi, zikaonekana zilipo. Wengine hutumia chembe za mionzi zinazozishika seli za CD8, aina ya seli za T. Kwa matibabu ya kawaida bado tuko na FDG.

Mwana_wa_Likoni
Nimeelewa. Binamu nitawasomea hii. Swali la mwisho: ami ana kisukari, anameza metformini.

KotiJeupe
Hilo ungelitaja mwanzo! Metformini huwasha utumbo kwenye picha, tezi za tumboni zikajificha. Mpigieni daktari mapema aseme aisimamishe lini, msimkatizie wenyewe. Afunge kwa muda wa saa 6 hivi kabla ya picha, maji matupu ruhusa, na siku ya kuamkia picha asifanye kazi nzito. Sukari ya damu ikipita 11 (mmol/L) wanaweza kumrudisha. Na msichelewe: FDG hupoteza nusu ya mionzi yake kila dakika 110, dozi yake haitawangoja. Treni ya SGR pandeni siku ya kabla, mlale Nairobi.