Kuwapa ndugu taarifa ya msiba wodini, semina ya masaa mawili nifundishe nini?

nesi_majengo
Wakuu habari za jioni. Mi ni muuguzi hapa Moshi, hospitali siitaji jina, niko wodi ya wanaume. Juzi metroni kaniita kaniambia wewe ndo utaandaa semina ya masaa mawili kwa manesi na wahudumu, mada kuwasaidia ndugu waliofiwa. Nikaitikia sawa halafu nimefika home najiuliza, hivi mimi mwenyewe nani alinifundisha? Chuoni tulifundishwa kumwandaa marehemu, kufunga taya, pamba, lebo, kujaza ripoti. Yule aliyesimama nje ya pazia sikumbuki hata kipindi kimoja.

Kilichonifanya nikubali ni mama mmoja mwezi uliopita. Mumewe alifariki alfajiri, simu ya mama haipatikani. Muda wa kuona wagonjwa asubuhi kaingia na hotpoti ya mtori kaifunga kwenye kanga, anakuta kitanda kina shuka mpya. Kaniuliza mgonjwa wangu mmemhamishia wapi? Na mimi Mungu anisamehe nikamwambia "subiri daktari anakuja", daktari mwenyewe yuko thieta. Akakaa kwenye benchi karibu saa nzima na hotpoti yake mapajani mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani ndo akamwambia. Hakupiga hata yowe. Aliniangalia tu akasema "sasa huu mtori nimpe nani?" Nikajibu pole mama, kazi ya Mungu haina makosa, nikakimbilia trei ya dawa.

Sasa naombeni mawazo, watu wa ustawi, wachungaji, hata mliofiwa.

kibosho_finest
Dada mbona simple, wafundishe zile hatua tano za majonzi, kukataa, hasira, kubembelezana na Mungu, sonona, kukubali. Slaidi ziko kibao mtandaoni, unapiga picha na chai watu wanasepa.

sista_ngarenaro
Hapana mkuu hapo ndo semina nyingi zinapopotea. Zile hatua tano ni za Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizitoa kwa kuongea na wagonjwa wenyewe waliokuwa wanaelekea kufa kule Chicago, hakuwa anaongelea wafiwa. Baadae watu wakazigeuza ngazi, mfiwa akicheka siku ya tatu anaambiwa bado yuko kwenye "kukataa". Mi nimefanya tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wasiopona, Arusha miaka kadhaa, sijawahi kuona mtu anapanda hizo ngazi kwa mpangilio. Inayofanana na ninachokiona ni nadharia ya watafiti Stroebe na Schut wa Uholanzi, 1999, kwamba mfiwa anaenda na kurudi, leo analia hata kula hawezi kesho yuko sokoni Kiboriloni anapanga mitumba na anabishana bei, keshokutwa analia tena, na vyote viwili ni kuomboleza. Manesi wakielewa hilo tu wataacha kumsengenya mjane aliyepaka lipstiki.

Kuhusu taarifa yenyewe, kuna utaratibu wa SPIKES, hatua sita za kutoa habari mbaya kila herufi na hatua yake, ulitoka mwaka 2000 kwa madaktari wa saratani, ila usiwakaririshe herufi. Wafanye waigize. Mmoja nesi mmoja ndugu, tafuta kwanza pa kukaa hata kama ni chumba cha dawa, mwambie mtu akae, muulize umekuja na nani, anajua nini mpaka sasa hivi, halafu litamke neno, AMEFARIKI. Siyo "hali imebadilika" wala "tumejitahidi sana", nimeshaona mtu anaambiwa hivyo anauliza sasa nikanunue dawa gani. Ukishalitamka nyamaza. Utaona kwenye maigizo, hakuna atakayefikisha nusu dakika bila kuropoka kitu.

mwinjilisti_wa_zamu
Bwana asifiwe. Hilo la "kazi ya Mungu haina makosa" mi nalisema kwa uchungu maana ndio lugha yetu wa kanisani. Mfiwa mwenyewe akilisema ni imani yake, sisi tukimtangulia mara nyingi tunamfunga mdomo. Nilipita CPE pale hospitali ya KCMC, yale mafunzo ya uchungaji wa hospitalini, kitu kilichoninyoosha ni kuandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno halafu unayasoma mbele ya wenzako wanakuuliza, hapa ulikimbilia maombi kwanini, uliogopa nini. Aibu yake siyo ndogo. Dada anza semina na mtori wako, uandike kama ulivyouandika hapa, usiupambe.

mama_wawili_sakina
Mi siyo mtaalamu nimefiwa tu. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa, turubai, masufuria ya kukodi, daftari la rambirambi, tukasafirisha mpaka Marangu tukazika kihambani. Tanga likaanuliwa turubai likaondoka na watu wakaondoka. Wiki ya tatu ndo nikajua nimefiwa. Hapo shemeji anauliza kadi ya benki, mtoto anauliza baba anarudi lini, mi sijui hata cheti cha kifo kinaanzia wapi. Nesi mmoja akanipigia, hata jina lake silijui, akaniuliza unalala? Halafu akanielekeza, kibali cha mazishi ulichopewa kitunze, cheti ni RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, mirathi ni mahakamani na watataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Mahubiri yote ya msibani nimeyasahau, hiyo simu naikumbuka.

kibosho_finest
Aisee pole sana dada, naomba radhi kwa utani. Ila wataalamu kuna muda wa mtu kuwa ameshapoa? Bi mkubwa wangu mwaka wa pili sasa bado anapakua sahani ya mzee.

sista_ngarenaro
Sahani peke yake isikutishe, wengi wanaendelea kuongea na mtu wao na maisha yanasonga. Uliza anatoka? anakula? anaenda jumuiya? Kama kila siku yuko pale pale na maisha yamesimama mpeleke akaonwe. Kitabu cha WHO, ICD-11, kinasema angalau miezi sita ipite ndo majonzi yahesabiwe ugonjwa na kinataka uangalie mila za mtu, Wamarekani mwaka 2022 waliweka mwaka mzima kwa watu wazima.

mochwari_boy
Kwenye hiyo semina mtualike na sisi. Nyie mnasema "nendeni kule nyuma mtaelekezwa", huko nyuma niko mimi na funguo.

nesi_majengo
Nimesoma zote, ya mama wawili mara mbili. Basi naanza na mtori, halafu maigizo, na wa mochwari nitamwalika kweli. Hiyo simu ya wiki ya tatu naitaka sana, nimemgusia metroni, kaniuliza vocha atatoa nani.